Kuusoma Mlima Usiofikika: Jinsi ya Kuchora Ramani ya Miamba kwa Picha za Setilaiti

Mwanajiolojia anayepanda mlima wa mita 5,000 hulipia kila mita kwa pumzi. Kwa siku nzima ya kazi, akiwa na nyundo, dira na mkoba wa sampuli, huenda akaukagua ukuta mmoja wa bonde, na ule wa ng'ambo akaishia kuutazama tu. Mlima huohuo setilaiti huupita kila baada ya siku chache na kuupiga picha mzima. Picha nyingi kati ya hizo ni za bure. Kinachowapungukia watu ni utaratibu wa kuzisoma.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa jiolojia, mwalimu wa jiografia, mpanda milima mdadisi, au yeyote mwenye kompyuta ya kawaida na bando la intaneti. Ukiufuata hadi mwisho utakuwa na ramani ya skeli ya 1:100,000 ya eneo la kilomita 40 kwa 40, yenye mipaka ya miamba, nyufa kubwa na mwinamo wa matabaka. Itakuwa ramani ya awali. Neno hilo "awali" lichukulie kwa uzito wote, kwa sababu jambo ninalolisisitiza kuliko yote humu ni hili: usichore mstari hata mmoja kama huwezi kueleza ulichokiona kikakufanya uuchore.

Setilaiti inaona nini hasa?

Setilaiti haioni mwamba. Hupima mwanga wa jua uliogonga uso wa ardhi ukarudi juu. Kila madini humeza sehemu fulani ya mwanga huo na kurudisha sehemu nyingine. Madini ya chuma iliyoshika kutu humeza mwanga wa bluu, ndiyo maana udongo wake huonekana mwekundu. Madini ya mfinyanzi humeza mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu mikroni 2.2, na chokaa humeza karibu na mikroni 2.3. Mawimbi hayo jicho la binadamu haliyaoni kabisa, lakini kamera ya setilaiti huyaona.

Kuna miamba iliyo kimya. Graniti imejaa kwatzi na felspa, madini ambayo hayana alama ya kueleweka katika mwanga unaoonekana wala katika infraredi ya mawimbi mafupi. Ukiitafuta graniti kwa bendi hizo, yaani vipande hivyo vya mwanga ambavyo kamera hupima kimojakimoja, utapata rangi ya kijivu isiyosema kitu. Kwatzi hujitambulisha kwenye infraredi ya joto, mikroni 8 hadi 9, yaani katika joto ambalo mwamba wenyewe hulitoa. Kwa hiyo kabla ya kupakua picha yoyote, jiulize: mwamba ninaoutafuta huzungumza katika mawimbi gani?

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba mwanga huo hurudi kutoka kwenye ngozi ya jiwe tu, nyembamba kuliko ukucha. Jiwe likipakwa vumbi, likiota madoa ya mimea midogo, au likiiva kwa jua la miaka elfu hadi likawa na utando mweusi, setilaiti itapima vumbi, mimea na utando.

KISANDUKU 1: Macho ya bure na kazi zake

*Landsat 8 na 9* (zilirushwa 2013 na 2021). Pikseli ya mita 30. Kila moja hurudi mahali palepale baada ya siku 16. Zikiunganishwa, siku 8. Picha moja ina upana wa kilomita 185. Nzuri kwa kuuona mlima wote kwa pamoja.

*Sentinel-2* (ya kwanza ilirushwa 2015). Pikseli ya mita 10 kwa rangi za kawaida, mita 20 kwa infraredi ya mawimbi mafupi. Hii ndiyo ya kuanzia.

*ASTER* (ndani ya setilaiti Terra, 1999). Bendi 6 za infraredi ya mawimbi mafupi na 5 za joto. Kwa miamba haina mpinzani kati ya vifaa vya zamani, ila bendi zake za mawimbi mafupi ziliharibika Aprili 2008. Chukua picha za 2000 hadi mwishoni mwa 2007.

*PRISMA* (Italia, 2019), *EnMAP* (Ujerumani, 2022) na *EMIT* (kwenye kituo cha anga cha kimataifa, 2022). Hizi hugawa mwanga katika bendi nyingi mno, zaidi ya 200. Ziache hadi umezizoea zile za juu.

*Modeli za mwinuko*: Copernicus GLO-30 na SRTM (Februari 2000), zote za pikseli ya mita 30. Milimani tumia Copernicus kwanza; SRTM ina matundu mengi kwenye kuta kali, ambako rada yake haikufika.

Kwa nini tujifunzie Ladakh

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki angependa kuanzia Kilimanjaro au Ruwenzori. Namshauri asubiri kidogo. Msitu na mawingu huuficha uso wa mlima, na huwezi kujifunza kusoma kwa kitabu kilichofungwa. Anza na mlima ulio uchi.

Ladakh, kaskazini mwa India, ni jangwa la juu. Mji wake mkuu, Leh, uko mita 3,500, na mvua yake ya mwaka mzima ni kama milimita 100. Nje ya mashamba ya shayiri kandokando ya mito, hakuna majani ya kuficha jiwe. Zaidi ya hapo, ni mahali ambapo bara la India liligonga Asia, takriban miaka milioni 50 iliyopita, na kovu la mgongano huo limefuata bonde la mto Indus. Kaskazini mwa mto kuna safu ya graniti, mabaki ya magma iliyopoa chini ya ukingo wa Asia. Kusini yake, kandokando ya mto, kuna matabaka ya mchanga na kokoto zilizogandamana, mekundu, ya zambarau na ya kijani, yaliyosimamishwa karibu wima. Ukizidi kusini kuelekea Zanskar unakuta chokaa na miamba ya matope iliyowahi kuwa sakafu ya bahari. Sura tatu za hadithi moja, zikiwa bega kwa bega ndani ya picha moja. Kwa anayeanza, sijui darasa lililo bora zaidi.

Chora mraba wako kati ya Leh na Nimmu, mahali mto Zanskar unapoingia Indus.

Vya kuandaa

☐ Kompyuta yenye RAM ya GB 8 au zaidi
☐ Programu ya QGIS (bure)
☐ Akaunti ya bure kwenye tovuti ya Copernicus na nyingine kwenye EarthExplorer ya shirika la jiolojia la Marekani, USGS
☐ Bando: faili moja la Sentinel-2 hukaribia GB 1. Zitazame picha kwanza kwenye kivinjari cha Copernicus, chagua moja, kisha pakua usiku bando linapokuwa nafuu. EarthExplorer hukuruhusu kupakua bendi mojamoja za Landsat, na hilo huokoa pesa nyingi
☐ Daftari la karatasi. Ndiyo, la karatasi

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku ya picha kwa uangalifu kuliko unavyochagua setilaiti.

Unahitaji picha mbili. Ya kwanza iwe ya mwishoni mwa Agosti au Septemba, theluji ikiwa imebaki vileleni tu na jua likiwa bado juu. Hiyo ni ya kusomea aina za miamba. Ya pili iwe ya Desemba au Januari. Jua la chini hurefusha vivuli, na theluji nyembamba hulala kwenye mikunjo midogo ya ardhi. Nyufa ambazo Septemba hazikuonekana hujitokeza kama mistari iliyochorwa kwa rula. Wanaoanza huitupa picha ya kipupwe kwa sababu "ina theluji". Usiitupe.

Chukua toleo lililokwisha kusafishwa athari ya anga: Level-2A kwa Sentinel-2, Level-2 kwa Landsat. Sababu utaiona hatua ya 4.

2. Tayarisha meza.

Fungua mradi mpya wa QGIS, uweke kwenye mfumo wa ramani wa UTM, kanda ya 43 Kaskazini. Ingiza bendi za picha na modeli ya mwinuko. Kutokana na modeli, tengeneza leya mbili: kontua za kila mita 100, na kivuli cha mwinuko. Kata kila kitu kwenye mraba wako wa kilomita 40 ili kompyuta isihangaike.

3. Tazama kabla ya kukokotoa.

Panga bendi 12, 11 na 2 za Sentinel-2 kwa mfuatano wa nyekundu, kijani na bluu. Theluji sasa itageuka bluu kali, nayo mawingu mengi yatabaki meupe. Hapo umekwisha kutenganisha vitu viwili ambavyo macho huvichanganya. Miamba yenye kutu ya chuma itaelekea wekundu. Chokaa na mfinyanzi, kwa kuwa humeza mwanga wa bendi ya 12, zitapoteza wekundu na kuelekea kijani-bluu. Kisha badili katikati uweke bendi ya 8: mashamba na malisho yatawaka kijani. Yaandike daftarini, maana yatakuja kukudanganya baadaye.

Kaa na picha hiyo nusu saa bila kugusa kitu. Fuata mto kwa macho. Tafuta mistari inayorudi tena na tena kwa mwelekeo mmoja. Ladakh utaona kwamba karibu kila kitu kinalala kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Huo ni mwelekeo wa mgongano wenyewe.

KISANDUKU 2: TAHADHARI. Mlima uliopinduka

Ubongo wetu umezoea mwanga utokao juu. Setilaiti hizi hupita kati ya saa nne na saa nne na nusu asubuhi, na huko kaskazini mwa dunia jua huwa kusini-mashariki. Vivuli basi huangukia juu ya picha, upande wa kaskazini-magharibi. Matokeo yake ni kwamba bonde linaonekana kama kigongo na kigongo kama bonde, na unaweza kuchora siku nzima ukiwa kinyume.

Jipime kwa mto. Ukiona maji yanapita juu ya mgongo wa mlima, umepinduka. Dawa ni kuizungusha ramani nyuzi 180, kusini iwe juu. QGIS ina sehemu ya mzunguko chini kabisa ya dirisha. Fanya kazi ya macho hivyo, kisha uirudishe kabla ya kuchapa. Kwa milima yetu iliyo karibu na ikweta tatizo hili hupungua katikati ya mwaka, jua likiwa kaskazini-mashariki, na hurudi mwezi Desemba.

4. Gawanya bendi kwa bendi.

Mlimani upande mmoja wa bonde una jua na wa pili una kivuli. Mwamba uleule huonekana kama miamba miwili. Uwiano wa bendi hutibu hilo. Chukua mwamba wenye kutu: juani hurudisha 0.40 katika nyekundu na 0.20 katika bluu. Uwiano ni 2. Kivulini hurudisha 0.10 na 0.05, uwiano bado ni 2. Mwanga umepungua mara nne, jibu halikubadilika.

Sasa tazama kinachotokea usipoondoa athari ya anga. Hewa hutawanya mwanga wa bluu, tuseme unaongezeka 0.03 kila mahali. Juani unapata 0.40 gawanya kwa 0.23, yaani 1.74. Kivulini 0.10 gawanya kwa 0.08, yaani 1.25. Mwamba mmoja umekuwa miwili tena, na safari hii kosa limevaa vazi la hesabu, hivyo watu hulisadiki. Ndiyo maana nilikuagiza Level-2 hapo juu. Hata hiyo Level-2 hukosea kwenye miteremko mikali yenye giza, kwa kuing'arisha kupita kiasi. Kwa hiyo sehemu zilizo kivulini kabisa zifunike na uziandike "hazisomeki".

Tengeneza leya hizi kwa kikokotoo cha rasta:

- Kutu ya chuma: bendi ya 4 ÷ bendi ya 2
- Mfinyanzi na chokaa kwa pamoja: bendi ya 11 ÷ bendi ya 12
- Mimea: (8 − 4) ÷ (8 + 4). Anza kwa kufunika kila kilichozidi 0.2
- Theluji: (3 − 11) ÷ (3 + 11). Funika kilichozidi 0.4

Mimea na theluji lazima vifunikwe kabla hujausoma uwiano wa 11 kwa 12, kwa sababu navyo huupandisha. Shamba la shayiri lisilofunikwa litajitangaza kuwa mgodi wa mfinyanzi.

5. Ipe ASTER kazi ambayo Sentinel haiwezi.

Bendi ya 12 ya Sentinel-2 ni pana mno kutenganisha mfinyanzi na chokaa. ASTER ilizigawa. Kwa mfinyanzi tumia (bendi ya 5 + 7) ÷ 6. Kwa chokaa na jamii ya madini ya kijani yenye magnesi tumia (7 + 9) ÷ 8. Mantiki ni moja: unalinganisha mabega mawili na shimo lililo katikati yake, shimo likiwa na kina, uwiano hupanda.

Kwa ile graniti iliyokuwa kimya, nenda kwenye joto: bendi ya 11 zidisha kwa yenyewe, kisha gawanya kwa zao la bendi ya 10 na ya 12. Kipimo hiki cha kwatzi kilitungwa na Yoshiki Ninomiya wa Japani, na ndugu yake wa chokaa ni bendi ya 13 ÷ 14. Pikseli za joto ni za mita 90, kwa hiyo zitakupa jumla ya mlima, wala si mpaka wa kuchora. Mpaka uchukue kwenye Sentinel.

6. Chora mipaka, na kila mstari uupe sababu.

Hapa ndipo kazi ilipo. Fungua leya ya mistari na uiwekee safu tatu kwenye jedwali lake: *aina*, *uhakika* na *nimeonaje*. Safu ya tatu usiiache tupu kamwe. Andika kwa maneno yako: "rangi inabadilika na kigongo kinakatika", "uwiano wa chokaa unashuka ghafla", "mto umepinda kwa pembe bila sababu nyingine". Ukishindwa kuandika, futa mstari.

Kwa uhakika, fuata desturi ya wachora ramani wa jiolojia: mstari mzima kwa mpaka unaoonekana waziwazi, mstari wa vipande kwa unaokisiwa, na nukta kwa uliofunikwa na kifusi, mchanga wa mto au barafu. Ramani ya kweli ya milimani ina vipande na nukta nyingi. Nikiona ramani ya setilaiti yenye mistari mizima mitupu, huwa naishuku kabla sijaisoma.

Usiutegemee ushahidi mmoja. Rangi peke yake haitoshi, na umbo peke yake halitoshi. Mpaka wa graniti na matabaka ya mchanga kule Indus utauona kwa njia tatu: rangi, kipimo cha kwatzi, na umbo la ardhi. Graniti hutoa vilele vyenye vijito vilivyosambaa kama mizizi, na matabaka hutoa migongo mirefu sambamba kama mbavu. Tatu zikikubaliana, chora mstari mzima. Mbili, vipande. Moja, weka alama ya kuuliza.

Usifungue ramani za jiolojia zilizokwisha chapishwa mpaka umalize ya kwako. Idara ya jiolojia ya India ina ramani zake kwenye tovuti ya Bhukosh, na utazihitaji. Lakini jicho lililoonyeshwa mpaka huona mpaka, hata pasipo na kitu.

7. Pima mwinamo wa matabaka.

Kwanza kwa macho. Tabaka linapokatiza bonde, mstari wake hupinda kama herufi V. Ncha ikielekea maji yanakokwenda, tabaka limeinamia huko. Ncha ikielekea maji yanakotoka, kwa kawaida limeinamia kule juu. Mstari ukinyooka bila kulijali bonde, tabaka limesimama wima. Ukiandamana na kontua, limelala. Kuna mtego mmoja: tabaka lililoinama kuelekea maji yaendako, lakini kwa mwinamo mdogo kuliko mteremko wa mto wenyewe, nalo hutoa V inayotazama juu. Milimani mito ina miteremko mikali, kwa hiyo mtego huu si wa vitabuni tu. Korongo la Zanskar juu ya Nimmu, linalokata matabaka yaliyosimama, ni mahali pazuri pa kufanyia zoezi.

Kisha kwa hesabu. Tafuta nukta tatu kwenye tabaka moja. Tuseme A na B zote ziko mita 4,600, na C iko mita 4,300. Mstari A–B ndio mwelekeo wa tabaka. Pima umbali wa mlalo kutoka C hadi mstari huo kwa pembe mraba. Tuseme ni mita 520. Tabaka limeshuka mita 300 ndani ya mita 520, na 300 ÷ 520 ni 0.577, ambayo ni tanjenti ya nyuzi 30.

Jiulize mara moja kosa ni kubwa kiasi gani. Modeli ya mwinuko ikikosea mita 20 kwa jumla, mwinamo wako uko kati ya nyuzi 28 na 32. Ni jibu zuri. Lakini nukta zako zingekuwa zimeachana mita 60 tu, yaani pikseli mbili, kosa hilohilo lingeyumbisha jibu kwa zaidi ya nyuzi 10. Weka nukta mbalimbali, na zisiwe kwenye mstari mmoja.

8. Tafuta nyufa mwishoni.

Rudi kwenye picha ya kipupwe na kivuli cha mwinuko. Ufa wa kijiolojia hujionyesha kwa tabaka linalokatika na kuendelea pembeni, kwa mabonde mawili yaliyonyooka mstari mmoja pande mbili za kigongo, au kwa chemchemi zilizojipanga. Mwaka 1975 Peter Molnar na Paul Tapponnier walizifuatilia nyufa kubwa za Asia, zenye urefu wa mamia ya kilomita, kwa kutumia picha za Landsat ya kwanza, ambayo pikseli zake zilikuwa za karibu mita 80. Wewe una picha bora kuliko zao. Kumbuka pia walichofanya wao: walizioanisha picha na rekodi za matetemeko ya ardhi. Mstari ulionyooka ukiwa peke yake unaweza kuwa ufa, mfereji wa umwagiliaji, barabara, au mshono wa picha mbili.

Makosa yanayorudiwa

*Kuanza kwa kubonyeza kitufe cha uainishaji.* Programu itaipaka picha rangi nane ndani ya dakika moja. Itakuwa imeainisha jua, kivuli, theluji na vumbi kwa bidii kubwa. Uainishaji wa kompyuta una mahali pake, lakini ni baada ya wewe kuujua mlima.

*Kuchora kifusi badala ya mwamba.* Mawe huporomoka kutoka ukutani na kufunika mpaka ulio chini yake. Mpaka unaouona kwenye picha huwa umeshuka mita mia au zaidi kuliko wa kweli. Kagua mwinuko: mteremko laini wa nyuzi 30 hadi 35 wenye umbo la pazia ni kifusi. Mpaka upitishe nyuma yake, kwa nukta.

*Kupuuza udongo mchanga kiumri.* Lamayuru, magharibi mwa Nimmu, kuna vilima vya manjano hafifu ambavyo watalii huviita nchi ya mwezi. Ni tope la ziwa la kale lililokauka, limetandazwa juu ya miamba mizee zaidi mno. Kwenye picha hung'aa kuliko kitu chochote pale, na humvuta mgeni alichore kama mwamba mkuu.

*Kukuza picha kupita ukali wake.* Pikseli ya mita 30 kwenye ramani ya 1:100,000 ni milimita 0.3, unene wa mstari wa kalamu. Ukiipeleka picha hiyohiyo kwenye 1:10,000 unachora kwa brashi ya milimita 3.

*Kuudharau uchafu wa barafu.* Hili ni kosa la kuacha faida. Mito ya barafu ya Karakoramu, kaskazini zaidi, hubeba mawe juu yake kwa michirizi mirefu. Kila mchirizi umetoka kwenye ukuta fulani huko juu ambako hakuna mtu atafika. Fuata rangi ya mchirizi hadi chanzo chake, nawe umeletewa sampuli ya ukuta huo hadi bondeni.

Kurudi nyumbani

Ukiishaumudu mlima ulio uchi, njoo Kilimanjaro, lakini anzia huko juu ambako msitu umeisha. Mabadiliko ya umbo huko ni somo tosha: Shira iliyochakaa upande wa magharibi, Mawenzi iliyoliwa na mmomonyoko hadi kuta za magma iliyogandia ndani ya nyufa zikasimama peke yake, na Kibo changa katikati. Kanda ni UTM 37 Kusini.

Kwa Ol Doinyo Lengai, jihadhari na rangi. Lava yake ya kaboneti yenye sodiamu nyingi hutoka nyeusi na kugeuka nyeupe ndani ya siku chache ikikutana na unyevu. Picha mbili za wiki mbili tofauti zinaweza kukuonyesha miamba miwili mahali penye mmoja. Hapo rangi inasoma umri, wala haisomi aina.

Ruwenzori ni mtihani wa mwisho. Si volkano, ni pande kubwa la miamba mizee sana iliyoinuliwa kati ya nyufa, na mawingu huiachia kwa nadra. Hapo tumia rada ya Sentinel-1, inayopenya mawingu, na uchukue picha za pande zote mbili, setilaiti ikipanda na ikishuka, kwa sababu rada hulaza kilele juu ya bonde upande ule inakotazamia. Rada haitakuambia aina ya mwamba. Itakupa umbo na nyufa, na kwa Ruwenzori hicho si kidogo.

Kwenda kukagua

Ramani yako sasa ina alama za kuuliza. Zihesabu, kisha chagua chache ambazo jibu lake litabadilisha ramani zaidi, zilizo karibu na njia. Kwa mraba wa Ladakh nukta 12 hadi 15 zinatosha kuanza.

☐ Vibali: maeneo mengi ya Ladakh yaliyo karibu na mipaka yanahitaji kibali maalumu. Simu za setilaiti haziruhusiwi India bila leseni. Ulizia kabla ya kusafiri, pamoja na kifaa chochote cha kutuma ujumbe kwa setilaiti
☐ Pumzika Leh siku mbili au zaidi kabla ya kupanda. Juu ya mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, acha kupanda. Kuchanganyikiwa, kuyumba au kukosa pumzi ukiwa umepumzika maana yake shuka sasa hivi, hata usiku
☐ Nenda na mwenyeji. Anajua maji yako wapi na mteremko upi huporomosha mawe mchana
☐ Ramani iliyochapwa, na nakala kwenye simu isiyotegemea mtandao
☐ Katika kila nukta piga picha mbili za jiwe: ngozi yake ya nje kama ilivyo, kisha ndani baada ya kuvunja kwa nyundo. Setilaiti ilisoma ile ya kwanza, wewe unahitaji ya pili
☐ Pima mwinamo kwa dira na uulinganishe na uliokokotoa mezani

Ukirudi, usiifute mistari iliyokosea. Ihamishie kwenye leya yake, na mbele ya safu ya *nimeonaje* ongeza safu ya nne: *kilichokutwa*. Mwezi ujao utakapofungua mraba wa pili, wa jirani, anza kwa kuisoma leya hiyo.